Baridi Hulaza Vijidudu, Haiviui

Tangu kale wakazi wa mwambao wa Afrika Mashariki walizijua njia za kuhifadhi samaki bila ya barafu. Nguru na papa walipasuliwa, wakatiwa chumvi na kuanikwa juani hadi wakawa ng'onda. Hekima ya njia hiyo ni kwamba vijidudu vinavyoozesha chakula haviwezi kuzaana pasipo maji, na chumvi pamoja na jua huvinyima maji hayo.

Jokofu la umeme hufuata hekima hiyo hiyo kwa njia nyingine. Maji yakigeuka barafu, vijidudu haviwezi tena kuyatumia. Lakini ipo tofauti moja kubwa, nayo ikisahauliwa huleta maradhi nyumbani. Chumvi hubakia ndani ya ng'onda. Barafu haibakii ndani ya nyama. Siku nyama inapotolewa ili ipikwe, maji yaliyofungwa hufunguka, na vijidudu vingi vilivyokuwa vimelala huamka vikiwa hai.

Jinsi chakula kinavyoganda

Nyama isiyo na mafuta mengi ina maji yapatayo asilimia 70 hadi 75 ya uzito wake. Kupoza gramu 1 ya maji kutoka nyuzi 30 za Sentigredi hadi sifuri huhitaji kuondoa kalori 30 za joto. Kuyageuza maji hayo kuwa barafu, bila ya kuteremsha halijoto hata kidogo, huhitaji kuondoa kalori 80 zaidi. Joto hili huitwa joto fiche. Ndiyo sababu jokofu la nyumbani huelemewa likijazwa kilo nyingi za nyama kwa mara moja, na nyama hiyo huganda polepole mno.

Maji yanayoganda polepole huunda fuwele kubwa za barafu, nazo hupasua kuta za seli. Nyama hiyo inapoyeyuka, maji mekundu huchuruzika, na pamoja nayo ladha na sehemu ya lishe. Jambo hili lilimvutia Mmarekani Clarence Birdseye alipoishi Labrador, kaskazini mwa Amerika, kati ya miaka ya 1912 na 1915. Huko aliona kwamba samaki waliovuliwa na wenyeji wa Kiinuit waliganda mara tu walipotolewa majini, kwa ukali wa baridi, na walipopikwa baadaye ladha yao ilikuwa kama ya samaki wabichi. Mwaka 1930 vyakula vyake vilivyogandishwa upesi vilianza kuuzwa madukani katika mji wa Springfield, Massachusetts.

Mpishi wa nyumbani hana baridi ya Labrador, lakini anaweza kupunguza unene. Nyama iliyokatwa vipande, ikafungwa katika mifuko iliyolazwa bapa, huganda upesi kuliko bonge moja. Tena ifungwe kwa kiasi cha mlo mmoja, ili kisichohitajiwa kisiyeyushwe bure.

Kwa nini kuyeyusha ni kugumu zaidi

Wengi wamewahi kushangaa kuona kuku aliyetolewa jokofuni asubuhi akiwa laini nje, na mgumu kama jiwe ndani hata baada ya saa kadhaa. Sababu yake ni kwamba barafu hupitisha joto karibu mara nne zaidi ya maji. Chakula kinapoganda, tabaka la nje hugeuka barafu na kurahisisha kutoka kwa joto la ndani. Kinapoyeyuka, tabaka la nje hugeuka maji na kulizuia joto lisifike ndani.

Wakati kiini kingali barafu, ngozi ya kuku huyo imekwisha kufikia joto la jiko. Baina ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu vingi vyenye madhara huweza kuzaana, na katika hali inayovifaa sana baadhi yake hujigawa kila baada ya dakika 20. Kwa hesabu hiyo, kijidudu 1 huweza kuzaa zaidi ya milioni 2 kwa muda wa saa 7.

Pengine msomaji atauliza: je, moto hautaviua vyote? Moto huua vijidudu, lakini hauondoi kila sumu iliyokwisha kutengenezwa. Samaki kama jodari na vibua wakikaa katika joto, bakteria hutengeneza ndani yao kemikali iitwayo histamini. Histamini haiharibiwi kwa kupikwa wala kwa kugandishwa upya. Mlaji huweza kuhisi uso ukiwaka, kichwa kikiuma na mwili ukiwasha, ingawa samaki huyo alikaangwa vema.

Njia zilizo salama

Njia bora ni kuhamishia chakula katika sehemu ya chini ya jokofu tangu usiku uliotangulia, ndani ya bakuli, ili maji yake yasidondokee vyakula vingine. Kuku mzima huhitaji siku nzima au zaidi. Mwenye haraka na atumbukize mfuko uliofungwa barabara katika maji baridi, akiyabadilisha kila nusu saa, kisha apike mara moja. Vipande vyembamba vyaweza kutiwa chunguni vikiwa bado na barafu, mradi vipikwe hadi viive katikati.

Umeme unapokatika, mlango usifunguliwe. Jokofu la kugandishia lililojaa huhifadhi baridi kwa muda wa saa 48 hivi. Lililojaa nusu, saa 24. Chakula ambacho bado kina chembe za barafu ndani yake chaweza kugandishwa tena, ijapokuwa ubora wake utapungua. Kilichokaa katika joto kwa zaidi ya saa 2 kitupwe, hata kama hakinuki, kwa maana vijidudu viletavyo maradhi havitoi harufu sikuzote.

Kwa aliyekuwa safarini ipo hila rahisi. Kabla ya kuondoka, agandishe maji katika kikombe, aweke sarafu juu ya barafu, na kukirudisha kikombe jokofuni. Akirejea na kuikuta sarafu juu, barafu haikuyeyuka. Akiikuta imezama chini, basi chakula kiliyeyuka na kuganda upya, ingawa kwa macho kinaonekana salama. Kutupa kilo mbili za nyama kwa neno la sarafu moja ni uchungu, lakini uchungu huo ni mdogo kuliko ule wa kuuguza nyumba nzima.