Kumbukumbu ya Vita vya Maji Maji katika Mchezo wa Kuigiza

Michezo ya kuigiza isimuliayo utawala wa kigeni hudhaniwa mara nyingi kuwa ni historia iliyopandishwa jukwaani. Dhana hiyo haitoshi. Historia hutafuta yaliyotokea. Mchezo huwauliza walio hai wayahukumu. Tofauti hiyo yaonekana wazi katika Kinjeketile, mchezo wa Ebrahim Hussein uliopigwa chapa mwaka 1969.

Mambo yenyewe yajulikana. Wajerumani waliwalazimisha watu wa kusini kulima pamba kwa ujira usiofaa kitu. Mwishoni mwa Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete waliing'oa, na vita vikaanza. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe, aliyewagawia watu maji ya dawa, alinyongwa huko Mohoro tarehe 4 Agosti, vita vikiwa vichanga. Viliendelea hadi 1907. Waliokufa, wengi wao kwa njaa, wakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000.

Lakini Kinjeketile wa mchezo haondoki mapema hivyo. Mtunzi amemwacha aishi hata baada ya watu kushindwa, na tangu mwanzo ametahadharisha kwamba huyu siye yule wa historia. Badiliko hilo ndilo kiini cha mchezo. Kiongozi aliyekufa mwanzoni hana la kujibu. Aliyebaki hana budi kuyajibia maji yaliyowaunganisha watu, kisha yasiwakinge na risasi. Kifungoni anasihiwa ayakane. Anakataa, kwa kuwa kuyakana ni kuwapa watawala hoja ya kuwaambia watoto wa kesho kwamba kupigania haki kulikuwa kosa. Je, ni haki kuutunza umoja kwa jambo lisilo kweli? Mtunzi hajibu, amewaachia watazamaji.

Kwa wenyeji wa Ibadakuli, karibu na Shinyanga, hukumu ya watazamaji si jambo geni. Katika mashindano ya ngoma ya Wagika na Wagalu, mshindi ni yule avutaye watu wengi zaidi. Vita vya Maji Maji havikufika Usukuma, lakini nayo ni nchi ya pamba, na ina kumbukumbu zake. Serikali ya Kiingereza ilizuia TANU huko tangu 1954 hadi 1958. Na mwaka huo wa 1958 watu wa Geita walilipinga baraza la mchanganyiko wa mataifa, wakaandamana hadi Mwanza.

Mtunzi atakayeyashika mambo hayo ya Geita atajaribiwa kuwasifu tu wazee walioandamana. Sifa ni haki yao, lakini haitoshi. Yafaa aulize pia ni neno gani lililowaunganisha, nani alililipia, na kama lingali likiwafaa wajukuu wao. Mchezo usiouliza hayo utapigiwa makofi, kisha utasahauliwa.