Damu ya Mama na Manjano ya Mtoto Mchanga

Akina mama wa vikundi hutuuliza: kwa nini mtoto wangu aligeuka manjano na wa jirani hakugeuka? Watoto wengi hupata manjano kidogo siku ya pili au ya tatu, yakaisha yenyewe. Hapa tunazungumzia manjano yanayoletwa na damu ya mama kutopatana na ya mtoto. Hayo huja haraka, lakini hatari yake inaweza kujulikana mapema.

Fungueni kitabu cha kliniki. Kundi la damu ya mama huandikwa humo: A, B, AB au O, pamoja na Rhesus, chanya au hasi. Wengi wetu hatusomi sehemu hiyo.

Damu ya mama wa kundi O ina askari wanaopigana na A na B. Mtoto akirithi A au B kwa baba, askari hao wanaweza kupita kondo la nyuma na kuvunja chembechembe zake nyekundu, hata akiwa kifungua mimba. Zikivunjika huacha taka ya manjano, bilirubini, na ini changa haliwezi kuitoa yote. Ikizidi huingia kwenye ubongo. Mtoto anaweza kufa, au akabaki kiziwi, au viungo visimtii maisha yake yote.

Na tuseme wazi, maana maneno vijijini hayaishi: mama O kuzaa mtoto A si ushahidi kwamba alitoka nje ya ndoa. Baba akiwa A, ni kawaida kabisa. Wala si laana.

Karibu nusu ya Wakenya ni O, na watoto wengi wa akina mama hao hawapati shida kubwa. Kwa hiyo kundi peke yake halitoshi kutabiri. Linatuonyesha nani aangaliwe zaidi. Hatari huongezeka kama ndugu yake alitibiwa manjano, kama amezaliwa kabla ya wakati, au kama hanyonyi vizuri. Hospitali inaweza kupima damu ya kitovu ijue kundi la mtoto, kama askari wa mama wameshika chembechembe zake, na kiasi cha bilirubini.

Mama wenye Rhesus hasi ni wachache, lakini yao ni kali zaidi. Kwa kawaida mtoto wa kwanza huponea, wanaofuata ndio huumia. Sindano ya anti-D, ndani ya saa 72 baada ya kuzaa mtoto chanya, huwakinga. Mimba ikiharibika pia, aulizie sindano hiyo. Ni ghali, basi chama kianze kuweka akiba mimba ikiwa changa.

Manjano yakionekana ndani ya saa 24 za kwanza, au yakifika viganja na nyayo, au mtoto akilegea na kukataa titi, ni hospitali siku hiyo hiyo. Kwa ngozi nyeusi, angalieni macho na ufizi penye mwanga wa mchana.

Nyanya husema aanikwe jua la asubuhi. Hawakukosea kabisa: miaka ya 1950, huko Rochford, Uingereza, muuguzi Jean Ward aliona ngozi ya mtoto iliyopigwa na jua imepungua manjano, na leo hospitali hutumia taa za buluu. Lakini kwa manjano ya damu, jua la uani halitoshi. Mengine huhitaji mtoto abadilishwe damu.

Mama O au Rhesus hasi akiruhusiwa kwenda nyumbani mapema, aombe mtoto aangaliwe tena kesho yake. Nauli ya safari hiyo itoke kwa chama.