Binti wa Darasa la Sita

Sogeeni jamvini, wajukuu zangu. Binti wa hadithi hii nimemtunga, ila yaliyompata huwapata watu hapahapa Mpanda.

Mama yake alifariki masika. Kufikia mavuno ya karanga, binti alikuwa hali, halali, darasani anasinzia. Wenzake waking'oa karanga na kuimba, yeye amekaa ukingoni mwa shamba akichanachana jani mojamoja. Majirani wakanong'ona: karogwa huyo. Mwingine akasema anadeka tu, atazoea. Bibi yake aliwasikia wote, kesho yake akamshika mkono wakaenda zahanati.

Zamani ingekuwa shughuli. Hospitali ya maradhi ya akili iliyojulikana ni Mirembe, Dodoma, iliyofunguliwa mwaka 1927. Toka huku upande treni hadi Kaliua, ndipo uishike reli ya kati, upite Tabora. Na hiyo reli yetu ya Mpanda hadi Kaliua Waingereza waliileta kwa sababu ya madini ya risasi, si kwa sababu ya wagonjwa! Wengine walikwenda kwenye ule mkwaju wa mzimu wa Katabi, mbugani Katavi, wakaacha sadaka. Mimi siwacheki. Mwenye shida hutafuta.

Pale zahanati, tabibu hakuanza na dawa, alianza na maswali. Unalala? Unakula? Tangu lini? Umewahi kutamani kufa au kujidhuru? Bibi alishtuka, maana wengi wetu tunadhani swali hilo linamtia mtoto wazo. Halimtii, humfungulia mlango. Binti alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Ndiyo, bibi. Niliogopa kukwambia."

Bibi hakumgombeza. Alimvuta karibu tu.

Ule ulikuwa ugonjwa, unaitwa sonona, na una tiba. Wakapewa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Huko mshauri alizungumza naye mara kwa mara, na nyumbani hakuachwa peke yake. Kuna wagonjwa wanaohitaji vidonge pia. Hilo huamua daktari, si jirani.

Mnauliza, alipona? Si kwa siku moja. Wiki zilipita ndipo alipomaliza sahani ya ugali kwa migebuka ya Karema, bibi akajifanya haoni. Akarudi kucheza. Halafu mwaka ulipotimia tangu msiba, usingizi ukapotea tena. Safari hii alisema mwenyewe, siku ya pili tu, wakarudi kwa mshauri. Mimi naiona hiyo ndiyo nafuu yenyewe: kuanguka kupo, ila sasa anajua pa kwenda.

Na asiye na bibi wa namna hiyo? Amwambie mwalimu anayemwamini, au mama mdogo, au muuguzi wa zahanati. Akipuuzwa na mmoja, amfuate mwingine. Tena ipo Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, haina malipo. Mtoto anapiga mwenyewe, hasubiri mzazi ampigie.