Namba E Siyo Gari Jipya

Kaa kijiweni Mlimani dakika kumi tu, utasikia: "Usinunue namba A bwana, tafuta namba E." Wenzangu wawili na mimi tunachanga tununue pikapu ya kubeba mizigo ya Kariakoo tukimaliza mwaka wa nne, kwa hiyo swali hilo linatuhusu. Pesa ni hiyo hiyo moja. Ikipotea, hakuna nyingine.

Kwanza hiyo namba. Herufi ya kwanza inakuambia gari lilisajiliwa lini Tanzania, siyo lilitengenezwa lini. Hilux ya 2006 ikishushwa bandarini leo inapewa namba E kama kawaida. Mwaka halisi usome kwenye kadi ya gari.

Tofauti yenyewe iko chini ya boneti. Hilux za zamani zenye injini ya 5L (cc 2986) hazina turbo, na pampu yake ya dizeli inaendeshwa na injini moja kwa moja, haisubiri amri ya kompyuta. Hilux mpya, ile Revo iliyotoka 2015, ina injini ya 2GD yenye cc 2393 tu, lakini ina turbo na inavuta kuliko 5L kwa mbali. Humo dizeli inabanwa kwa presha kubwa mno, halafu kompyuta inafungua injekta kwa kipimo cha sehemu ndogo sana ya sekunde.

Shida inaanzia hapo hapo. Matundu ya injekta hizo ni membamba, na maji au uchafu kidogo kwenye dizeli unaziua. Uchakachuaji tunaujua, ndiyo maana mafuta yalianza kuwekwa vinasaba mwaka 2010. Pampu ya zamani nayo haipendi uchafu, ila ikisumbua, fundi wa Gerezani anaifungua kwa spana na spea unazifuata kwa miguu. Revo inataka kwanza mashine ya kusoma kompyuta, na bei ya injekta mpya inakutoa jasho.

Sasa tazama kazi yenyewe. Ukipakia Kariakoo, unatambaa Msimbazi kwenye foleni, unashusha Buguruni, unarudi. Nguvu ya turbo utaitumia wapi? Kinachokumaliza ni siku gari linapolala gereji: mteja anampigia mwenye kirikuu, na wewe ndiyo basi tena.

Ya zamani ina ubaya wake. Nyingi hazina eabegi wala breki za ABS, na hewa ya pwani inakula chasisi. Kama mzigo wako ni wa Morogoro au Dodoma kila wiki, tafuta mpya. Kwa safari za mjini, mimi nachagua 5L, mradi chasisi iwe nzima na ibaki hela ya matairi na breki.

Mkienda kukagua, nendeni na fundi wenu, siyo wa muuzaji. Fikeni asubuhi injini ikiwa baridi, mwambieni awashe mbele yenu. Moshi ukitoka wa bluu, injini inakula oili. Hapo shukuruni, mwondoke na pesa yenu.