Kisangani: Tone moja la damu linaloweza kumwonyesha kocha uzito wa mazoezi

Kwenye uwanja wa Lumumba, ambako TS Malekesa hupokea wageni wake, na kwenye viwanja vya mitaa ya Kisangani, kocha asiye na vifaa hupima mazoezi kwa macho, saa na filimbi. Mchezaji anayehema sana huhesabiwa kuwa amefanya kazi. Lakini je, mazoezi hayo yamemjenga au yamemmaliza? Hapo macho hayatoshi.

Penye uwezo, swali hilo hujibiwa kwa tone la damu. Mchezaji anatobolewa ncha ya kidole au sehemu laini ya chini ya sikio, damu inawekwa kwenye karatasi ya kipimo, na mashine ndogo ya mkononi, inayofanana na ile ya kupima sukari, inaonyesha kiasi cha laktati. Jibu hutoka kati ya sekunde 10 na dakika moja.

Laktati hutengenezwa na misuli inapotumia sukari. Mtu aliyepumzika huwa na takriban milimoli 1 kwa lita moja ya damu. Akikimbia polepole, mwili unaitumia kadiri inavyotengenezwa. Akiongeza mwendo, inafika mahali inaanza kujaa, mara nyingi kati ya milimoli 2 na 4, ingawa kila mtu ana kiwango chake. Zamani ilidhaniwa kuwa ni uchafu wa misuli. Leo inajulikana kwamba misuli na moyo huitumia kama chakula, na kwamba maumivu ya kesho yake hayatokani nayo.

Kwa hiyo wachezaji wawili wanaweza kukimbia mzunguko uleule kwa muda uleule, mmoja akapata 2 na mwenzake 6. Kwa wa kwanza ni mazoezi mepesi, kwa wa pili ni mazito. Akisukumwa hivyo kila siku, huyo wa pili atachoka kabla ya msimu kwisha.

Mnorwe Jakob Ingebrigtsen, bingwa wa Olimpiki wa mita 1500 huko Tokyo na mita 5000 huko Paris mwaka 2024, alikulia katika mtindo huo wa kupima damu mazoezini. Karibu na kwetu, katika miaka ya 1990 watafiti walioongozwa na Bengt Saltin waliwapima wakimbiaji wa Kenya na wa Skandinavia. Kwa mwendo uleule, Wakenya walikuwa na laktati kidogo zaidi.

Kisangani, kipimo hicho kina mitego yake. Jasho lina laktati nyingi: likichanganyika na damu, jibu linakuwa la uongo, hivyo ngozi isafishwe na kukaushwa, na tone la kwanza lifutwe. Karatasi za kipimo huharibika kwa joto na unyevu, na kila kipimo kinatumia karatasi mpya. Zaidi ya yote, sindano ni ya mtu mmoja, mara moja tu. Kuitumia kwa timu nzima ni kusambaza virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Kocha asiye na mashine bado ana njia ya bure: amsemeshe mchezaji akiwa anakimbia. Akijibu sentensi nzima bila shida, mwendo ni mwepesi. Akijibu kwa neno mojamoja, amevuka mpaka, na siku ya mazoezi mepesi anapaswa kupunguza.