Chembe Moja au Chembe Moja Moja?

Mwanafunzi wangu mmoja wa tafsiri aliandika kuwa dawa fulani hukaguliwa kwa "kupima chembe moja". Sarufi yake haikuwa na kasoro, lakini maana ilipotea: msomaji angedhani mkaguzi huipima chembe moja tu, akaridhika. Kilichokusudiwa ni kupima chembe moja moja, yaani kila chembe peke yake, hadi maelfu yapimwe. Uradidi wa "moja" ndio unaobeba dhana nzima.

Nanochembe kwa kawaida huwa na kipenyo cha kati ya nanomita 1 na 100, na nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita. Seli nyekundu ya damu hufikia nanomita 7,000 hivi. Kwa sababu hiyo ni vyema kutumia "seli" kwa kiumbehai na kuiachia "chembe" maada, ingawa wengi husema "chembe za damu". Mstari mwekundu katika vipimo vingi vya haraka vya malaria hutokana na nanochembe za dhahabu. Chanjo za mRNA dhidi ya UVIKO-19 nazo hubebwa ndani ya nanochembe za lipidi.

Njia moja iliyozoeleka humulika chembe zote kwa pamoja na kutoa wastani. Tatizo ni kwamba kwa chembe ndogo sana, kipenyo kikiwa maradufu, mwanga unaotawanywa huongezeka takriban mara 64. Hivyo mabonge machache huzifunika chembe nyingi ndogo, na wastani ukapotosha. Katika upimaji wa moja moja, kila chembe hupita kwenye tundu jembamba lenye mkondo wa umeme, na mkondo hupungua kwa kadiri ya ujazo wa chembe hiyo. Kanuni hii ilipewa hataza nchini Marekani mwaka 1953 kwa jina la Wallace Coulter, ambaye aliitumia kuhesabu seli za damu.

Kwa hiyo mfasiri atofautishe: "chembe moja" hutaja idadi, "chembe moja moja" hutaja namna ya kupima, na "wastani wa chembe" hutaja jumla iliyogawanywa. Akizichanganya, huenda msomaji akaamini kuwa dawa imekaguliwa chembe kwa chembe, kumbe imepimwa kwa mkupuo.