Namba za Makosa katika Malipo ya Kompyuta

Chama cha msingi kinapowalipa wakulima kwa kompyuta, programu ya chama hupeleka ombi kwa seva ya benki, nayo seva hujibu kwa namba ya tarakimu tatu. Namba inayoanza na 2 ina maana kwamba ombi limepokelewa vyema. Namba nyingine yoyote makarani wengi huiita "mtandao mbovu", wakabonyeza tena. Hapo ndipo hasara huanzia.

Namba zinazoanza na 4 husema kwamba kosa liko kwa mwombaji. 400 ni ombi lililoandikwa vibaya. 404, kinachotafutwa hakikuonekana. 401, utambulisho haukukubaliwa, kama vile neno la siri lilipobadilishwa makao makuu na tawi lisiarifiwe. Kulirudia ombi lile lile ni sawa na kuirudisha benki hundi isiyotiwa saini. Sharti kosa lisahihishwe kwanza. Ila 429 ni ya namna yake: ombi halina kasoro, bali maombi yamekuwa mengi mno kwa muda mfupi, na jibu lenyewe huweza kutaja sekunde za kungoja.

Namba zinazoanza na 5 ni za seva iliyoshindwa kazi yake. Ikija 503, yafaa kungoja, kisha kurudia kwa vipindi vinavyorefuka, sekunde 2, 4, 8 na kuendelea.

Ya kuogopwa zaidi ni 504. Seva ya kati imengoja jibu kutoka seva iliyo nyuma yake, isilipate. Lakini huenda fedha zimekwisha kutoka. Tuseme mkulima anadai shilingi 180,000 za pamba. Karani akirudia ombi, mkulima aweza kupokea 360,000, na daftari la chama likaonyesha 180,000 tu. Upungufu huo utamwangukia mhasibu.

Kinga yake ni kila malipo kupewa namba ya kumbukumbu isiyotumiwa mara mbili, mathalani ile ya stakabadhi ya mizani. Ombi likirudiwa kwa namba hiyo hiyo, seva iliyotengenezwa kwa utaratibu huo hulitambua, wala hailipi tena. Si seva zote zilizo hivyo; katibu amwulize fundi kabla ya msimu kufunguliwa. Pasipo utaratibu huo, karani aulize kwanza hali ya malipo, na asirudie mpaka ajibiwe kwamba hayakufanyika. Saa, namba ya jibu na maelezo yaliyoambatana nayo viandikwe daftarini siku ile ile.